Mistari Niliyoiziba

Jumapili, 11 Februari
Ziwa limefika kwenye mpapai. Adolphine, binti yangu, alinishika mkono hadi mlangoni ili nilione mwenyewe, kisha akakumbuka kwamba sioni, akanieleza: maji yamelizunguka shina, hayana wimbi, yametulia kama mgeni aliyekaribishwa. Maneno hayo niliwahi kuyasoma zamani, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Miguu imevimba tena. Muuguzi anasema moyo umechoka. Nilimwuliza kama nitafika mwezi wa sita, akaniambia nipunguze chumvi. Nimefundisha miaka thelathini na sita hapa Baraka. Mtu anayekwepa swali namjua.

Jicho la kushoto limekufa na la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho. Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Kuna jambo moja sijamwambia mtu yeyote tangu mwaka 1995.

Jumatano, 14 Februari
Mvua. Sikutoka kitandani.

Ijumaa, 16 Februari
Leo amekuja mwalimu mmoja kijana, Munira. Adolphine alimtaja jina mlangoni, nikatamani kumwambia aseme nimelala. Ni binti wa marehemu Useni mwenye boti, na mama yake ni Kulthumu. Ni mdogo wake Fadhili.

"Mwalimu, bananiongezea kozi ya Kiswahili," alisema, kwa lugha ya mwambao wetu isemayo "ba" badala ya "wa". "Mwenye kuifundisha alihamia Lusenda. Mashairi mi sijue kuyasoma. Nilifundishwa kuhesabu mizani tu."

"Nani alikufundisha kuhesabu?"

"Banafunzi bako ba zamani."

Adolphine alicheka jikoni. Mimi nilikubali. Atakuja mara tatu kwa juma, baada ya shule. Atanisomea kwa sababu sioni, nami nitamwonyesha namna ya kusoma. Alidhani anapata zawadi, akanishukuru mara mbili.

Jumatatu, 19 Februari
Somo la kwanza. Alileta tungo za wanafunzi wake na kalamu nyekundu. Nilimwomba kalamu, nikaikalia.

"Sasa nitasahihisha na nini?"

"Leo hausahihishi. Leo unasoma."

Msichana mmoja ameandika beti mbili juu ya kitenge cha mama yake kilichoanikwa kwenye kamba. Munira alisoma kwa kasi, akasema mizani ya mstari wa tatu imezidi, basi, ubeti mwingine. Nikamrudisha. Nani anasema? Amesimama wapi? Mikono ya mama iko wapi? Tulikaa hapo hadi chai ikapoa. Mwishoni aliona kwamba mama hayumo kabisa katika beti zile. Kuna kitenge, kamba na upepo, na mtoto anayetazama.

"Mama yake alikufa mwezi wa kumi na mbili," alisema polepole. "Kumbe alishaniambia."

Huyu atasoma kuliko mimi. Najua ninakompeleka, naye hajui.

Alhamisi, 22 Februari
Alikuja. Beti nne kwa saa mbili. Ametoka amechoka, ana furaha.

Jumatatu, 4 Machi
Maji yamepita mpapai. Majani yake yanageuka njano. Majirani wa upande wa chini wamehamisha vitanda.

Nimegundua jambo: Munira hapigi miayo. Anaamka saa kumi na moja, anafundisha watoto sitini, anakuja kwangu jioni, na sijamsikia akipiga mwayo hata mmoja. Nilimwuliza Adolphine.

"Papa, hujui? Shuleni walimwita dada ya mwenye kusinzia. Tangu utoto hawezi kufunga macho mbele ya watu."

Nalijua neno hilo. Nililisema kwanza mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Sikuweza kupumua usiku kucha. Leo sina somo.

Jumamosi, 9 Machi
Niandike, kabla moyo haujakata shauri wenyewe.

Mwaka 1995 nilikuwa msimamizi wa watahiniwa wa mtihani wa taifa. Kituo kilikuwa Uvira, barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo tulipaswa kwenda kwa boti. Palikuwa na boti mbili. Moja ya mtu wa Swima, ndogo na polepole. Nyingine Subira, ya Useni, kubwa, imepakwa rangi ya kijani. Wazazi waliniachia mimi nichague.

Fadhili, mtoto wa kwanza wa Useni, alikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la tano la sekondari, bado mwaka mmoja kwa mtihani wake. Alikuwa mwanafunzi wangu bora wa mashairi. Pia alikuwa akisinzia darasani, na nilimpiga kwa chaki mara nyingi kwa ajili hiyo.

Kwetu hapa mtoto wa mwenye boti haisemi vibaya boti ya baba yake. Abiria wakiimba sifa za boti, naye huimba. Akisema mbao zimeoza, amemvua baba yake nguo sokoni. Hilo kila mtu wa mwambao analijua. Mimi nililijua pia, ila sikulikumbuka nilipokuwa na kalamu mkononi.

Majuma mawili kabla ya safari Fadhili aliniletea shairi la beti nne juu ya Subira. Nilisoma nikiwa nahesabu kwa vidole. Ubeti wa kwanza ulitimia. Wa pili mstari mmoja ulipungukiwa mizani, wa tatu mistari miwili, wa nne mitatu. Nikasema, kijana amechoka kadiri anavyoendelea. Nikajaza mapengo kwa wino mwekundu, neno dogo hapa, neno dogo pale. Ubeti wa nne ulinisemesha mimi mwenyewe, nikauona una utovu wa adabu, nikaukata kwa mistari minne.

Nikampa alama kumi na sita juu ya ishirini. Nikamtaka alisome mbele ya wazazi, siku tuliyokutana kuchagua boti, kama nilivyolisahihisha. Alilisoma. Kwenye neno langu la kwanza alinitazama. Nilimwashiria aendelee. Wazazi wakapiga makofi, na Subira ikachaguliwa.

Ilizama tarehe 28 Mei, mbele ya Makobola, hakuna dhoruba. Watahiniwa kumi na mmoja, na Fadhili. Useni aliokoka. Mimi sikuwa ndani. Nilikuwa nimetangulia kwa pikipiki ya misheni kuandaa malazi.

Siku ya tatu baada ya mazishi nililitoa shairi nikalisoma tena. Safari hii sikuhesabu. Nilielewa lote kabla ya kufika mwisho, nikaliweka chini ya sanduku la bati.

Juma lililofuata tuliitwa uani kwa chifu. Waliuliza, kwa nini maji hayakutolewa botini? Kutoa maji ilikuwa kazi ya Fadhili. Useni alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nikasema: "Mtoto yule alikuwa na tabia ya kusinzia. Hata darasani." Useni akainua kichwa, akanitazama kama mtu aliyetupiwa kamba, akaishika.

Ilikuwa kweli kwamba alisinzia. Alisinzia darasani kwa sababu alikuwa anaamka saa tisa za usiku kuitoa maji boti ya baba yake ili alfajiri ionekane kavu. Hilo sikulisema.

Useni alihamia Kigoma, akafia huko. Kulthumu alibaki. Kila tarehe 28 Mei wazazi wa wale kumi na mmoja hukutana mwambaoni. Yeye hufunga mlango.

Jumapili, 10 Machi
Adolphine anauliza nimeandika nini jana hata nikasahau kula. Nilimwambia, historia. Akasema, "Historia gani inatoa jasho hivi?"

Jumatano, 13 Machi
Munira alikuja. Nilitaka kumwambia. Tulisoma ubeti mmoja juu ya mihogo.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua siku tano. Vyoo vya upande wa chini vimejaa. Munira alikuja amevua viatu, magoti yamelowa.

"Kwenu je?" nilimwuliza.

"Mayi iko ku kizingiti. Mama anakataa kutoka. Anasema ziwa ilishaingia kwake zamani, sasa inarudia viti."

Sikumwambia.

Jumatano, 27 Machi
Sikumwambia.

Jumanne, 2 Aprili
Nimemwambia, kwa njia ya mwoga. Nilimwomba Adolphine atoe karatasi chini ya sanduku, nikampa Munira, nikasema tu: "Leo soma hii. Soma wino wa bluu. Wino mwekundu uache."

Alianza kwa sauti ya darasani.

Subira iko majini,
baba yuko usukani,
nami niko chini ndani,
na bakuli mkononi.

Nilisikia matone yakidondoka kutoka bati hadi kwenye sufuria ya Adolphine.

"Mwalimu. Subira ni boti ya papa yangu."

"Endelea kusoma."

"Hii iliandikwa na nani?"

"Nimekufundisha nini? Nani anasema, amesimama wapi, mikono yake iko wapi."

"Usinifundishe sasa!" Hajawahi kunipandishia sauti. Kisha nikamsikia akivuta kiti karibu na dirisha. Alikuwa analia, lakini alikuwa anasoma, na alikuwa anasoma vizuri. "Yeye anasema. Iko chini, mu tumbo ya boti. Papa iko juu. Mikono iko na bakuli. Si ya kula."

"Mimi nilidhani ni ya kula. Nilidhani mtoto anashiba kwa boti ya baba yake. Niliandika pembeni 'picha nzuri ya neema'."

"Ninaiona," alisema. "Umeandika na mwandiko muzuri."

Akaendelea.

Abiria huimbia,
baba naye hupokea,
mimi sijaitikia,
kazi iko chini.

Maji yaja kwa adabu,
kama mgeni karibu,
nami nahesabu
hadi hamsini.

"Anahesabu bakuli," alisema. "Hamsini, kisha anaanza upya. Na hapa we umeongeza 'kweli'. 'Kweli kazi iko chini.' Hapa umeongeza 'pia'. Hapa 'kama'." Kila neno alilitamka kama anatoa mfupa wa samaki mdomoni. "Hapa chini umekata yote. Sioni."

"Inua karatasi kwenye mwanga."

Ilimchukua muda. Mimi nilikuwa naujua ubeti huo kwa moyo, lakini sikumsaidia.

Mwalimu, huna uhaba,
pengo si kuziba,
sema naye baba,
nami nimo ndani.

"Alikuambia," alisema. "Alikuambia useme na papa. Papa alikuwa anaogopa nani hapa Baraka? We tu. Alikuambia hata usizibe. Na ukaziba." Halafu, kwa sauti ndogo: "Na ku chifu ni nani alisema anasinzia?"

"Mimi."

Nilisubiri anitukane. Alikunja karatasi, nikasikia akiifunga ndani ya kanga yake. Mlangoni alisema, "Mwalimu, mi nilikuwa na miaka sita. Mpaka leo nikilala muchana ninaota bananiita jina ile."

Adolphine alikuwa amesimama jikoni. Alisikia yote. Chakula cha jioni aliniwekea mezani, hakukaa nami.

Jumatatu, 8 Aprili
Munira hakuja.

Alhamisi, 11 Aprili
Hakuja. Mpapai umeanguka.

Jumatano, 17 Aprili
Hakuja. Adolphine ananiosha miguu bila kusema. Leo tu aliuliza, "Papa, Mama alijua?" Mke wangu alikufa mwaka 2009. Hakujua. Adolphine akasema, "Afadhali," akaendelea kuosha.

Nilidhani uzito utapungua nikisema. Umebadilisha mahali tu. Zamani ulikuwa kifuani, sasa uko nyumbani, na kila mtu anapita kando yake.

Jumapili, 21 Aprili
Ni ajabu kwamba nilijifunza kusoma siku ya tatu baada ya mazishi yale, katika muda wa dakika kumi. Kabla ya hapo nilikuwa na diploma na sifa. Miaka yote iliyofuata niliendelea kuwafundisha vijana kuhesabu, ingawa nilikuwa nimejua namna nyingine, kwa sababu niliogopa kwamba mmoja wao akijifunza kusoma kweli ataniuliza kuhusu Fadhili. Nimetoa walimu wengi. Wote wanahesabu. Hilo nalo naliungama.

Jumamosi, 4 Mei
Munira amekuja. Hakukaa. Amelinakili shairi upya, bluu peke yake.

"Mama anataka kusikia mbele yako. Nilimuambia iko karatasi ya Fadhili, sikumusomea. Alisema: mwenye kuificha akuwe pale."

"Nitakufa njiani."

"Basi utafia njiani."

Adolphine alianza kucheka, akajizuia, kisha akashindwa. Munira naye. Walicheka vibaya, kama watu msibani. Nilijikuta ninafurahi kwamba kuna mtu anacheka ndani ya nyumba hii.

Jumatatu, 6 Mei
Nimekwenda. Nilipakiwa kwenye pikipiki katikati, kati ya dereva na Adolphine, kama gunia la dagaa. Mahali pa mwisho dereva alizima, akanibeba mgongoni ndani ya maji hadi mlangoni kwa Kulthumu.

Ndani maji yalifika kifundoni. Alikuwa amekaa kitandani, miguu juu, vyombo vyake vyote juu ya matofali. Simwoni uso; niliona kanga nyeupe. Hatujazungumza tangu uani kwa chifu.

"Mama Fadhili," nilisema.

"Mwalimu. Bamukalishe, ataanguka mu mayi bure." Nikakalishwa. "Munira, soma."

Kulthumu hajui kusoma. Lakini ameimba maulidi tangu utoto, na sikio lake halijawahi kuzeeka. Munira alisoma beti zote nne. Mama hakulia. Alisema: "Soma tena. Usikimbie."

Mara ya pili, mstari mfupi wa kwanza ulipofika, nikaona kitu cheupe kikishuka na kupanda. Kilikuwa mkono wake. Ulishuka pale sauti ilipokatika, ukapanda, ukageukia pembeni, kisha mstari uliofuata ukaanza. Mstari mfupi mwingine, mkono tena. Ubeti wa mwisho mkono ulikuwa hautulii.

"Hapa njo alikuwa anainama," alisema. "Mi nilitosha mayi mu boti ile miaka ine, mbele Fadhili akuwe na nguvu. Kama unaimba na unatosha mayi, sauti inakatika pale pale. Unainama, unachota, unamwaga, unarudi mu wimbo. Mutoto hakukosa kuhesabu. Alikuwa anafanya kazi."

Miaka ishirini na tisa nimelisoma shairi lile. Mapengo niliyaelewa kuwa ni ufa wa mbao. Mkono sikuuona.

"Na we uliweka nini pale?" aliniuliza.

"'Kweli'."

"Na pale?"

"'Pia'. Na 'kama'."

"Ahaa." Alifikiri. Boti zetu huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese. Maiti pia huwekwa pamba. "Mwalimu, ulimuziba mutoto kinywa na pamba, akingali anasema."

Niliomba msamaha, nilisikia jinsi ombi lilivyokuwa dogo.

"Hiyo sitakupa leo," alisema. "Labda sitakupa. Tarehe ile utakuya kwa bazazi. Utasema na kinywa yako, si karatasi."

"Mama Fadhili, moyo wangu..."

"Uambie moyo ungoye. Mi nimengoya."

Jumamosi, 11 Mei
Nameza dawa zote. Sili chumvi kabisa. Adolphine anasema sijawahi kuwa mgonjwa mtiifu hivi.

Jumapili, 19 Mei
Vibaya. Nimekaa wima kwenye kiti, siwezi kulala chali.

Ijumaa, 24 Mei
Munira alikuja kusoma. Hatukusoma Fadhili. Alileta beti za yule msichana wa kitenge, ameandika nyingine. Katika hizi mama yumo.

Jumatano, 29 Mei
Jana nilisema.

Mwambao wenyewe umemezwa, kwa hiyo wazazi walisimama barabarani, juu ya soko, wakitazama mahali pa zamani. Waliobaki ni wachache, tisa au kumi, wazee kama mimi. Kulthumu alitembea mwenyewe, Munira kando yake. Nilisikia watu wakinong'ona walipomwona. Mimi nililetwa na kiti cha plastiki.

Nilianza na boti mbili na jinsi nilivyochagua. Nilifika kwenye shairi. Nilisema, "Fadhili aliniambia kwamba Subira..." na pumzi ikakatika. Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Mzee mmoja mwenye huruma akasema, "Ilikuwa nzuri? Alisema iko nzuri?" Mwingine akasema, "Mwalimu amechoka, tumusaidie."

Kulthumu aliinua mkono.

"Mumuache," alisema. "Asizibiwe."

Wakaniacha. Sijui ni muda gani. Nilisikia maji yakigonga mbao za vibanda vya soko. Kisha pumzi ilirudi, kidogo, nikasema: ilikuwa inavuja. Nikapumzika. Nikasema: alijua. Nikapumzika. Aliniambia mimi. Hakusinzia. Mimi ndiye niliyesema uongo kwa chifu.

Mama mmoja aliyepoteza mapacha alitema mate chini mbele ya kiti changu, akaondoka. Ilikuwa haki yake. Wengine walibaki. Halafu nikasikia viatu vikisogea, si kuja kwangu. Walikwenda upande wa Kulthumu, mmoja mmoja, wakampa mkono na pole ya mwaka 1995.

Munira alilisoma shairi mbele yao. Kwenye mapengo alinyamaza, na hakuna aliyekohoa.

Tuliporudi aliketi kwenye kiti changu cha kusomea akisubiri mvua ipungue. Aliacha kujibu maswali yangu. Adolphine akanong'ona, "Papa, nyamaza. Amelala."

Leo vidole vimevimba, kalamu inateleza. Daftari lina kurasa zilizobaki. Munira, likifika kwako, usizijaze.